Je, Samaki wa Kufugwa Anaweza Kutuletea Kichaa cha Ng'ombe?



Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo hapa Jamhuri tumeulizwa swali hili zaidi ya mara moja. Wako akina mama waliosikia kwamba samaki wa kufugwa ana ugonjwa wa kuharibu ubongo, wakaacha kabisa kununua samaki. Na wako vijana wanaotaka kuchimba bwawa na kulisha samaki damu na mifupa kutoka vichinjio vya Dagoretti, maanake ni bei rahisi. Kwa hiyo tumeona ni vyema tulieleze jambo hili pole pole.

Prioni ni nini?

Mwili umejengwa kwa protini, na kila protini imekunjwa kwa namna yake. Prioni ni protini ya ubongo iliyokunjwa vibaya. Si kidudu, wala haina uhai. Ubaya wake ni kwamba ikigusana na protini nzuri, nayo huharibika. Ni kama wazee walivyosema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwishowe ubongo hutoboka-toboka kama sponji. Dawa ya kuponya haipo, na moto wa jikoni hauiui prioni.

Yaliyotokea Uingereza

Huko Uingereza ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wengine. Mwaka wa 1986 ugonjwa ukatambuliwa, na ng'ombe zaidi ya 180,000 wakathibitishwa kuwa nao. Mwaka wa 1988 serikali ilipiga marufuku chakula hicho kwa ng'ombe. Mwaka wa 1996 ikakiri kwamba watu pia wameupata, yaelekea kwa kula nyama yenye ugonjwa. Waliokufa nchini humo ni 178. Tusichanganye ugonjwa huu na kichaa cha mbwa, ambacho huletwa na virusi kwa kuumwa.

Na samaki je?

Mwaka wa 2009 daktari Robert Friedland wa Marekani na wenzake waliandika kwamba samaki wa kufugwa wasilishwe mabaki ya ng'ombe mpaka usalama wake uhakikishwe. Mwaka huo huo wataalamu wa Thessaloniki, Ugiriki, walitangaza jaribio lao. Waliwalisha samaki wa baharini wa kufugwa ubongo wa ng'ombe na wa kondoo wenye ugonjwa. Baada ya muda mrefu waliona protini mbaya imejikusanya katika ubongo wa baadhi ya samaki hao. Lakini samaki wenyewe hawakuonyesha dalili za ugonjwa.

Samaki naye ana protini ya namna hiyo, ila imetofautiana sana na ya ng'ombe na ya binadamu, na tofauti hiyo ni kama ukuta. Hakuna mtu hata mmoja aliyethibitishwa kupata ugonjwa huu kwa kula samaki. Basi hatari ni ya kufikirika tu, lakini si ya kuchekwa.

Tufanye nini?

Kwanza, tusiache samaki. Omena, ngege na mbuta ni chakula bora kwa watoto wetu.

Pili, wenye mabwawa, na ni wengi tangu mpango wa serikali wa mwaka wa 2009, walishe samaki omena waliosagwa, soya, pumba na mashudu. Ubongo na uti wa mgongo wa mnyama usiingie bwawani. Na mtu akiuziwa chakula cha gunia, amuulize muuzaji kimetengenezwa na nini. Kuuliza si ujinga.

Tatu, chakula cha samaki chenye unga wa nyama au mifupa asipewe ng'ombe wala mbuzi. Hiyo ndiyo njia iliyoleta msiba Uingereza.

Nne, tuogope zaidi hatari iliyo karibu. Samaki aliyevuliwa katika maji ya choo, kama yale ya mto Motoine unaopita Kibera na kumwagika Bwawa la Nairobi, au aliyekaa juani siku nzima, anaweza kumuumiza mtoto leo hii. Tutazame macho na mashavu yake, tumnuse, tumpike aive vizuri.

Mungu alitupa viumbe tuvitunze. Ng'ombe ni mla majani. Binadamu alipomlisha ng'ombe mwenzake ili apate faida ya haraka, walioumia ni watu wa kawaida waliokwenda buchani kutafuta kitoweo. Sisi wenye vibwawa vidogo tusirudie hayo.