Pambo Lisilonyauka Upesi



Hapa Majengo maua hatuyakosi. Bi harusi hupambwa kwa asumini, na akina mama hutia kikuba cha asumini na rihani. Lakini asumini iliyochumwa jioni, kesho yake imeshasinyaa. Hata shada la waridi kutoka bara, kwa joto letu, ni shida kumaliza wiki. Pesa zimekwenda, na shada latupwa jaani.

Je, hakuna pambo linalokaa? Lipo, tena mimea yake tunaijua.

Kwa nini linakaa

Mshubiri, waridi la jangwani (lile lenye shina lililovimba chini) na mkonge mwitu huweka akiba ya maji ndani ya jani au shina. Ngozi yake ni kama iliyopakwa nta. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana, lakini mshubiri na mkonge mwitu hufungua usiku, jua likishatua, na maji hayapotei ovyo. Ndiyo maana chipukizi la mshubiri likikatwa laweza kukaa wiki kadhaa bila maji. Sherehe ikiisha, linapandwa na kuwa mche. Hapo ndipo faida ya kikundi ilipo.

Namna ya kutengeneza

1. Tafuteni chombo: kifuu cha nazi, sufuria kuukuu au jiko la udongo lililovunjika. Toboeni matundu chini. Hili si la hiari.

2. Tieni kokoto chini, kisha mchanganyiko wa mchanga sehemu mbili na udongo wenye mboji sehemu moja. Mchanga uwe wa mto. Ule wa pwani una chumvi.

3. Kateni machipukizi kwa kisu safi. Yawekeni kivulini siku tatu hadi tano mpaka kidonda kikauke. Mkipanda kikiwa kibichi, kitaoza.

4. Mmea mrefu ukae katikati, mfupi pembeni. Juu tandazeni kokoto au vipande vya makombe vilivyooshwa vizuri.

5. Msimwagilie wiki ya kwanza. Baadaye chomekeni kidole. Udongo ukiwa mkavu hadi ndani, ndipo mtie maji kidogo.

Kwa shada la kushika mkononi, fungeni machipukizi kwa waya mwembamba chini ya majani, bila kutia maji.

Adui ni maji mengi

Watu wengi huua mimea hii kwa huruma, wakiimwagilia kila siku kama mchicha. Mombasa hewa ina unyevu, na masika, hasa Aprili na Mei, mvua ni nyingi. Wakati huo ingizeni vyombo barazani, penye mwanga na upepo. Kwetu ambako maji mara nyingi hununuliwa kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, bustani isiyotaka maji mengi ni nafuu kubwa.

Tahadhari

Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu. Zamani wawindaji waliupaka kwenye mishale. Maziwa ya mnyaa nayo huunguza macho. Vaeni glavu, nawieni sabuni, na wekeni mimea hii mbali na watoto na mbuzi.

Tena, msiende porini kung'oa mishubiri. Mishubiri ya mwituni inalindwa, na biashara yake kati ya nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Anzeni na mmea mmoja wa jirani: mshubiri mmoja hutoa machipukizi mengi, na kitalu kinakua chenyewe.

Maswali ya kujadili kikundini

– Katika mtaa wetu, nani hununua maua, na kwa sherehe gani?
– Tuuze pambo, au tulikodishe na kulirudisha kitaluni?
– Nani atashika daftari la miche, na nani ataangalia vyombo wakati wa masika?