Henriette Sontag, Mwimbaji wa Ujerumani

Katika Ulaya kuna namna ya mchezo uitwao opera. Katika mchezo huo maneno karibu yote huimbwa: mfalme akitoa amri huimba, hata mgonjwa hukata roho akiimba. Mbele ya jukwaa huketi wapiga fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma, nao ni wengi. Na mwimbaji sharti sauti yake ipite juu ya vyombo hivyo vyote, imfikie mtu aliyeketi nyuma kabisa. Sauti ya wanawake iliyo juu kupita zote huitwa soprano.

Sauti hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Henriette Sontag, aliyezaliwa mwaka 1806 Koblenz, mji ulio kando ya mto Rhine. Wazazi wake walikuwa watu wa jukwaani, na baba alifariki Henriette angali mtoto. Mama akampeleka Prague, akatiwa katika chuo cha muziki. Mwaka 1821 mwimbaji mmoja wa opera aliugua, akawekwa Henriette mahali pake, naye ana miaka 15 tu. Tangu siku ile hakuitwa mtoto tena.

Miaka mitatu baadaye alikuwa Vienna. Huko aliishi Beethoven, bwana wa watungaji wa muziki, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa. Alikuwa ametunga Simfonia ya Tisa, na mwisho wake alitia waimbaji. Henriette na mwenziwe Caroline Unger walimsihi azishushe sauti za juu mno, kwa kuwa zilichosha koo. Beethoven hakukubali kubadili hata moja. Basi wakajifunza hivyo hivyo, na tarehe 7 Mei 1824 wakaimba mbele ya watu. Yasimuliwa ya kuwa watu walishangilia kwa kelele kuu, na Beethoven amewapa kisogo, hana habari. Hata Caroline alipomgeuza, ndipo alipoona mikono ikipigwa makofi.

Baada ya hayo sifa za Henriette zilienea Berlin, Paris na London. Lakini alipendana na Carlo Rossi, kabaila wa Sardinia aliyekuwa katika kazi ya ubalozi. Siku zile mtu wa ukoo bora kumwoa mwanamke wa jukwaani ilikuwa aibu, hata kama mji mzima ulimshangilia usiku uliotangulia. Wakaoana kwa siri. Mfalme wa Prussia akampa Henriette cheo cha kabaila, na ndoa ikaweza kutangazwa. Bali sharti aliache jukwaa. Akaliacha mwaka 1830, naye ana miaka 24. Tangu hapo sauti ile ilisikiwa na wageni wa mumewe tu, na pengine mahali palipokusanywa fedha za maskini.

Mwaka 1848 fitina na mapinduzi yalizuka katika nchi nyingi za Ulaya, na mali ya Rossi ikapotea. Palikuwa na watoto wa kulea. Henriette akarudi kazini London mwaka 1849, umri wake miaka 43. Sauti ya mwimbaji ni kazi ya mapafu na misuli ya koo. Ikiachwa hulegea kama mkono usiolima. Basi wengi walikwenda wakidhani watasikia mabaki tu ya sauti ya zamani. Kumbe hakuwa ameacha kuimba miaka yote 19, nao wakaikuta sauti ingali safi.

Mwaka 1852 alivuka bahari kwenda Marekani, na mwaka 1854 akafika Mexico kuimba. Huko akapatwa na kipindupindu. Ugonjwa huo huenezwa kwa maji machafu, jambo ambalo waganga wengi wa siku zile hawakulijua. Alikufa tarehe 17 Juni 1854, naye ana miaka 48. Mwili wake ulirudishwa Ujerumani, ukazikwa katika nyumba ya watawa ya Marienthal.