Kipandikizi cha koklea: mtoto akishasikia, je, anaishi vizuri?

Huenda umeshakutana na zile video fupi mitandaoni. Mtoto kapakatwa na mama yake, mtaalamu anabonyeza kitu kwenye kompyuta, mama anaita jina, mtoto anaganda kidogo, halafu anatabasamu. Kila mtu chumbani analia, na video inaishia hapo. Maisha ya mtoto sasa ndiyo yanaanza. Makala hii inahusu kinachofuata: je, watoto wenye vipandikizi wanaishi vizuri? Na hilo tunalipimaje?

Kwanza, kifaa chenyewe

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojiviringa kama gamba la konokono. Kinaitwa koklea. Humo mna maelfu ya seli zenye vinyweleo, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme zinazokwenda ubongoni kupitia mshipa wa fahamu. Mtoto akizaliwa seli hizo hazifanyi kazi, au zikiharibiwa na ugonjwa kama homa ya uti wa mgongo, shimesikio la kawaida linaweza lisimsaidie, maana lenyewe linakuza sauti tu. Ni sawa na kubisha hodi kwa nguvu zaidi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kipandikizi kinazipita seli hizo. Nje, nyuma ya sikio, kuna maikrofoni na prosesa, yaani kompyuta ndogo inayochambua sauti, pamoja na koili inayoshikiliwa kichwani kwa sumaku. Chini ya ngozi kuna kipokezi chenye waya mwembamba ulioingizwa kwenye koklea. Waya huo una elektrodi 12 hadi 22, kutegemea mtengenezaji, na hizo ndizo zinazousisimua mshipa wa fahamu moja kwa moja.

Hebu linganisha: maelfu ya seli upande mmoja, elektrodi 22 upande mwingine. Sauti inayofika si ile unayoisikia wewe. Ni kama picha yenye vidoti vichache, na ubongo unalazimika kujifunza kuisoma. Ndiyo maana umri una uzito mkubwa. Mwaka 2002, Anu Sharma na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba watoto waliopandikizwa kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wao ulianza kuitikia sauti kwa kasi ya kawaida ndani ya miezi michache. Kwa waliopandikizwa baada ya miaka 7, wengi hawakufikia hapo hata baada ya kutumia kifaa kwa miaka.

Tunapima nini?

Kwa muda mrefu swali kuu la watafiti lilikuwa: mtoto anatambua maneno mangapi? Ni swali zuri, lakini mtoto anaweza kupata alama za juu kwenye chumba kimya cha hospitali, kisha akakaa peke yake kila mapumziko shuleni. Kwa hiyo zikaletwa hojaji za ubora wa maisha. Mojawapo ni KINDL, iliyotungwa Ujerumani, ambayo inagusa mambo sita: afya ya mwili, hisia, kujithamini, familia, marafiki na shule.

Mwaka 2010, Betty Loy na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia hojaji hiyo kwa familia 88 nchini Marekani. Kwa ujumla, ubora wa maisha wa watoto wenye vipandikizi haukutofautiana na wa wenzao wanaosikia. Waliopandikizwa mapema na waliotumia kifaa kwa muda mrefu walikuwa na alama za juu zaidi. Ila kulikuwa na jambo lingine: watoto wa miaka 8 hadi 11 waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko vijana wa miaka 12 hadi 16.

Kwa nini? Ujana wenyewe una misukosuko yake, kwa hiyo tusikibebeshe kifaa lawama zote. Lakini fikiria urafiki unavyobadilika. Ukiwa na miaka 8, rafiki ni yule mnayekimbizana naye. Ukiwa na miaka 15, rafiki ni yule mnayepiga naye stori: watu watano wanaongea kwa mpigo, utani unapita haraka, na ukiuliza "eti nini?" wanakujibu "achana nayo." Hapo ndipo vile vidoti vichache vinapokosa kutosha.

Tena inategemea unamuuliza nani. Mara nyingi majibu ya mzazi na ya mtoto hayalingani. Mzazi anakumbuka alikotoka, wakati mtoto anajilinganisha na walioketi naye dawati moja.

Darasani na nyumbani

Adui mkubwa wa kipandikizi ni kelele. Chukua darasa lililojaa, mvua inapiga bati, mwalimu kageukia ubao. Maneno kama "paka", "taka" na "kaka" yanatofautishwa na mlio mfupi sana wa mwanzoni, na huo ndio unaomezwa kwanza. Mtoto anatumia nguvu nyingi kubahatisha, na jioni anarudi nyumbani hoi. Mwalimu anaweza kudhani ni mzembe. Baadhi ya suluhisho ni bure: akae mbele, mwalimu amtazame anapozungumza, na wanafunzi waongee kwa zamu.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakipelekwa nje, hasa India. Hiyo ni hatua kubwa, lakini upasuaji ni siku moja. Baada yake kuna safari za kurekebisha mipangilio ya prosesa, mazoezi ya kusikiliza na kuongea kwa miaka, betri, nyaya na koili zinazochakaa. Prosesa ikiharibika na familia haina fedha, mtoto anarudi kwenye ukimya.

Hata kikiwa kizima, kifaa kinavuliwa wakati wa kulala, na mara nyingi wakati wa kuoga pia. Muda huo mtoto bado ni kiziwi. Ndiyo maana wengi katika jamii ya viziwi wanasisitiza kwamba Lugha ya Alama isitupwe kwa sababu tu kifaa kimepatikana. Mtoto anayejua alama ana lugha saa 24, betri iwe na chaji au isiwe nayo. Kinachomwumiza mtoto zaidi ni kukaa miaka ya mwanzo bila lugha yoyote iliyokamilika, iwe ya sauti au ya mikono.

Kwa hiyo ukikutana na mtoto mwenye kile kidude nyuma ya sikio, usiishie kumuuliza mzazi kama "anasikia sasa." Muulize mtoto mwenyewe, huku ukimtazama usoni, anacheza na nani mapumziko, somo gani linamchosha, na nani nyumbani humsubiri amalize sentensi yake.