Kazi ya Mwanafunzi Inahifadhiwa Wapi? Namna ya Kubadili Folda ya Miradi ya Programu

Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu za kompyuta hufundishwa mapema namna ya kutoa amri, namna ya kuzirudia, na namna ya kutafuta makosa. Swali moja, hata hivyo, mara nyingi husahauliwa: kazi yake, akishaihifadhi, inakwenda wapi? Katika makala haya tutaeleza jinsi kompyuta inavyochagua mahali pa kuweka kazi, kwa nini mahali hapo pengine hapafai katika maabara ya shule, na jinsi ya kupabadili. Mifano yetu tutaichukua Moshi na katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako shule zilizo katika miinuko mbalimbali zaweza kufanya uchunguzi mzuri wa halijoto kwa vifaa vya bei nafuu.

KARAKANA YA PROGRAMU

Seremala ana karakana yenye benchi, misumeno na randa, vyote chini ya paa moja. Mwandishi wa programu naye anayo karakana yake, ila yake imo ndani ya kompyuta. Ndani yake mna sehemu ya kuandikia, sehemu ya kutafsiri maandishi hayo yawe amri ambazo mashine inazielewa, na sehemu ya kuonyesha makosa. Zamani kazi hizi zilifanywa na programu mbalimbali. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ya Marekani ilitoa Turbo Pascal, iliyoziunganisha pamoja na kuuzwa kwa bei ambayo watu wengi waliimudu. Leo ziko karakana nyingi, kama vile Visual Studio, Eclipse, na ile ya Arduino, mpango ulioanza mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wanaounda vifaa vidogo vya elektroniki.

Kazi moja kamili ndani ya karakana huitwa mradi. Kwa kawaida mradi si faili moja tu, bali ni kundi la mafaili yanayotegemeana. Kwa hiyo huwekwa pamoja ndani ya folda moja, ambayo wengine huiita kabrasha. Katika Arduino, kwa mfano, faili la programu halina budi kukaa ndani ya folda yenye jina lile lile. Ukilifungua likiwa nje ya folda hiyo, karakana hukuomba ruhusa ya kuiunda folda na kulihamishia faili humo.

CHAGUO-MSINGI NI NINI?

Mtu anapohifadhi mradi bila kusema uwekwe wapi, karakana haisiti. Huuweka mahali palipochaguliwa na waliotengeneza programu hiyo. Uamuzi wa namna hii, unaotumika mpaka mtumiaji atakapoamua vingine, huitwa chaguo-msingi.

Wakulima wa Uchagani wanalielewa jambo hili vizuri kwa njia nyingine. Tangu kabla ya ukoloni wamechimba mifereji ya kuleta maji kutoka katika mito ya msituni hadi kwenye vihamba vyao. Maji yakiachwa bila kuelekezwa hayakosi pa kwenda. Hufuata njia iliyochimbwa na waliotangulia. Mwenye zamu hana budi kwenda mwenyewe kwenye maungio, aufungue upande wake na kuuziba ule mwingine. Asipofanya hivyo, maji hayakupotea, lakini hayako shambani kwake. Ndivyo ilivyo kwa faili. Mara nyingi lile tunalodai kuwa limepotea lingali ndani ya diski, katika folda ambayo hatukuichagua wala hatuijui.

Turbo Pascal iliandika waziwazi katika orodha yake ya mwanzo ni diski gani na folda gani zilizokuwa zikitumika, hivyo mwanafunzi aliziona kila alipoanza kazi. Karakana nyingi za leo haziyaonyeshi hayo mpaka mtu ayatafute. Katika kompyuta zenye mfumo wa Windows, Arduino huweka miradi katika folda iitwayo Arduino, iliyo ndani ya folda ya Documents ya mwenye akaunti. Visual Studio nayo, tangu toleo la mwaka 2017, huiweka katika folda ya source na ndani yake repos. Matoleo ya kabla ya hapo yaliiweka katika Documents. Kwa hiyo mwalimu aliyezoea toleo la zamani aweza kutafuta mradi mahali ambapo haupo kabisa.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO?

Huenda msomaji akasema kwamba programu iliyopotea yaweza kuandikwa upya. Hiyo ni kweli kwa zoezi la darasani. Katika uchunguzi wa kisayansi si kweli.

Tuseme chama cha sayansi cha shule ya mjini Moshi kinashirikiana na shule nyingine iliyo upande wa Lyamungo. Moshi mjini ni kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Lyamungo ni zaidi ya mita 1,200. Kwa wastani halijoto hupungua kiasi cha nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 tunazopanda, kwa hiyo twatazamia tofauti ya nyuzi 2 hadi 3 baina ya shule hizo. Kila shule inatumia kifaa kinachopima halijoto kila baada ya dakika 10. Kwa siku moja vipimo ni 144. Kwa masika nzima, kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 31 Mei, siku zikiwa 92, vipimo ni 13,248.

Vipimo hivyo haviwezi kurudiwa, kwani mvua ya jana haitanyesha tena. Lakini hata vikihifadhiwa salama, bado vinaitegemea programu iliyovipima. Kipimajoto cha aina ya LM35 hutoa volti 0.01 kwa kila nyuzi 1. Katika vifaa vingi vya Arduino volti hiyo hugeuzwa kuwa namba baina ya 0 na 1023. Kama kifaa kinalinganisha na volti 5, namba 50 ina maana ya volti 0.244, yaani nyuzi 24.4. Kama kinalinganisha na volti 3.3, namba ile ile ina maana ya volti 0.161, yaani nyuzi 16.1.

Sasa tuseme kuna nakala mbili za programu, moja katika Documents na nyingine mahali pengine, nazo zinahitilafiana katika mstari huo mmoja tu. Mwanafunzi asiyejua ipi ndiyo iliyotumika atakosea kwa nyuzi 8.3. Kwa kanuni yetu ya nyuzi 0.6 kwa mita 100, kosa hilo ni sawa na kukihamisha kituo cha Moshi mjini na kukipandisha mita 1,400 hivi, hadi ndani ya msitu wa Kilimanjaro. Hakuna aliyedanganya, na kifaa hakikuharibika. Kilichokosekana ni mahali pamoja panapojulikana.

Mlima wenyewe unatupa ushahidi wa faida ya kuhifadhi vizuri. Leo twajua kwamba barafu ya Kilimanjaro, iliyoenea kiasi cha kilometa za mraba 12 mwaka 1912, ilikuwa imebaki chini ya kilometa za mraba 2 kufikia mwaka 2011. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu ramani iliyotokana na upimaji wa Mjerumani Fritz Klute wa mwaka 1912 ilihifadhiwa mahali ambapo watu wa baadaye waliweza kuipata. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Takwimu nazo ni mali.

SHIDA ZA MAABARA YA SHULE

Waliotengeneza karakana hizi walimfikiria mtu mmoja mwenye kompyuta yake. Katika shule hali ni tofauti, nayo huleta shida nne.

Kwanza, wanafunzi wengi hutumia akaunti moja, hivyo miradi yao yote humiminika katika folda moja. Wawili wakiuita mradi wao Jaribio1, mmoja aweza kufuta kazi ya mwenzake bila kujua.

Pili, pale ambapo kila mwanafunzi ana akaunti yake, kila akaunti ina folda yake ya Documents. Anayeingia leo kwa akaunti nyingine haioni kazi yake ya jana.

Tatu, folda ya Documents kwa kawaida imo katika diski C pamoja na mfumo wa uendeshaji. Fundi anapousimika mfumo upya, diski hiyo ndiyo inayofutwa. Aidha, ziko maabara ambazo kompyuta zake zimewekewa programu ya kuirudisha diski C katika hali yake ya mwanzo kila zinapowashwa. Njia hiyo ni nzuri dhidi ya virusi, ila haibagui baina ya kirusi na kazi ya mwanafunzi.

Nne, katika baadhi ya kompyuta folda ya Documents imeunganishwa na hifadhi ya mbali kwa njia ya intaneti. Mtandao ukiwa hafifu au nafasi ikijaa, kilichopo shuleni na kilichopo huko mbali havilingani tena.

NAMNA YA KUBADILI

Kabla ya kubadili, chagua mahali. Kama diski imegawanywa, sehemu ya D yafaa kuliko C. Unda humo folda yenye jina fupi na la maana, kwa mfano D:\Miradi\Kidato3. Usitumie jina refu mno, kwani kikomo cha kawaida cha anwani ya faili katika Windows ni herufi 260, na programu nyingi bado hukifuata. Usichague flashi pia. Herufi yake yaweza kuwa E leo na F kesho, na ikiwa haikuchomekwa, karakana haitaipata folda yake.

Katika Arduino, fungua orodha iliyoandikwa File kisha Preferences. Mstari wa kwanza wa dirisha litakalofunguka huonyesha mahali pa folda ya miradi. Andika anwani mpya, au ichague kwa kitufe cha Browse, kisha uthibitishe.

Katika Visual Studio, fungua Tools, kisha Options, kisha sehemu ya Projects and Solutions. Humo mna mstari wa mahali pa miradi.

Eclipse ina utaratibu wake. Inapoanza huuliza itumie folda gani ya kazi. Lakini mtu akiisha kuweka alama ya kutoulizwa tena, itaendelea na folda ile ile. Kuibadili, tumia File na kisha Switch Workspace.

MAMBO YA KUKUMBUKA

La kwanza, kubadili mahali hakuhamishi kazi ya zamani. Karakana itaanza kutazama folda mpya, lakini miradi ya awali itabaki ilipokuwa. Kwa hiyo inakili kwanza, hakikisha nakala zinafunguka, ndipo ufute za zamani.

La pili, pengine folda hiyo hubeba zaidi ya miradi. Katika Arduino, ndani yake mna folda ndogo iitwayo libraries, yenye programu saidizi zilizoongezwa na mtumiaji. Usipoihamisha hiyo nayo, programu iliyofanya kazi jana itakataa leo kwa madai kwamba kuna kitu hakionekani. Katika Eclipse, mipangilio mingi huhifadhiwa ndani ya folda ya kazi yenyewe. Ukihamia folda mpya tupu, waanza upya.

La tatu, katika Arduino na Visual Studio mabadiliko hayo huandikwa katika akaunti ya mtumiaji, wala si katika kompyuta nzima. Mwalimu aliyebadili katika akaunti yake hajabadili katika akaunti za wanafunzi.

La nne, sehemu ya D imo, mara nyingi, ndani ya diski ile ile yenye C. Diski ikifa, zote mbili hufa. Kubadili folda hutuwezesha kujua kazi iko wapi. Hakuchukui nafasi ya nakala ya akiba. Kwa kuwa sasa miradi yote iko mahali pamoja, kuinakili kila Ijumaa katika flashi au diski ya nje kutakuwa kazi ya dakika chache.

ZOEZI LA DARASA

Walimu waweza kulifanya zoezi hili kwa kipindi kimoja.

1. Kila kundi lifungue karakana, liunde mradi mdogo na kuuhifadhi bila kuchagua mahali. Kisha liutafute kwa kutumia kitazama-mafaili na kuandika anwani yake kamili katika daftari.

2. Kundi libadili folda ya miradi kama tulivyoeleza, liunde mradi wa pili, na kuandika anwani yake.

3. Kompyuta izimwe na kuwashwa tena. Kundi lieleze ni mradi upi uliobaki, na kwa sababu gani.

4. Mwanafunzi wa kundi jingine apewe daftari tu, bila maelezo ya mdomo, ajaribu kuipata miradi yote miwili.

Hatua ya nne ndiyo mtihani wenyewe. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu watahitimu na kuondoka, lakini mvua za masika zitakuja tena, na wadogo zao watataka kulinganisha vipimo vyao na vya waliowatangulia. Daftari likiwapeleka moja kwa moja kwenye folda yenye vipimo pamoja na programu iliyovipima, uchunguzi wa shule utakuwa umevuka mwaka mmoja, nao utazidi kuwa na thamani kila masika inapopita.