Sindano ya bega huchomwa nyuma

Wagonjwa wangu wengi wa bega ni akina mama wenye kisukari. Bega limeganda, mkono haupandi, hata kufunga kilemba mpaka binti asaidie. Vidonge vikishindwa huwa nawaambia, "Mama, tutaipiga ganzi neva moja tu, huku mgongoni." Wananitazama. "Daktari, mbona panapouma ni mbele?"

Neva yenyewe hutoka shingoni na kuingia nyuma kupitia pengo dogo kwenye ukingo wa juu wa kombe la bega. Juu ya pengo pamelala kano fupi: neva hupita chini yake, ateri juu. Vitabu vingi hukadiria kwamba neva hiyo hubeba takriban asilimia 70 ya hisia za kiungo cha bega.

Wertheim na Rovenstine waliieleza sindano hii mwaka 1941. Picha hawakuwa nayo. Daktari alipapasa mfupa kwa vidole, kisha akalitafuta pengo kwa ncha ya sindano. Ikipitiliza mbele, huko kuna pafu.

Siku hizi mgonjwa anakaa, mkono wa bega linalouma ameuvusha kifuani hadi bega la pili. Napaka jeli na kulaza proba ya altrasaundi juu ya kombe, sambamba na ule mwinuko wa mfupa unaogusika kwa kidole, kisha naielekeza mbele kidogo. Kwenye skrini unaanza msuli mwembamba, unafuata mnene uliojaza bonde la mfupa, halafu mstari mweupe mkali. Huo ndio mfupa. Chini yake ni giza tupu, kwa sababu mawimbi ya sauti hayaupenyi. Wanafunzi hukimbilia kutafuta neva. Nawazuia: ni kidoa tu, na kwa mtu mnene pengine hutakiona kabisa. Shika mfupa kwanza, washa dopla, ateri iwake. Neva iko jirani.

Tena kile kibonde cha kwenye skrini ambacho wengi walikiita pengo, kumbe sicho. Mwaka 2010 Philip Peng na wenzake walilinganisha picha za altrasaundi na maiti zilizopasuliwa, wakaonyesha kwamba ni sakafu ya bonde, baada ya neva kulivuka pengo. Kwangu hiyo ni habari njema kuliko pengo lenyewe, maana sakafu ina mfupa, na mfupa huizuia sindano kwenda pafuni.

Mililita chache zinatosha. Dawa ikifika mahali pake, msuli unanyanyuka taratibu kutoka kwenye mfupa, nawe unaona. Mama anashuka kitandani mkono ukiwa mzito kwa saa kadhaa, na mtu wa fiziotherapia anaanza naye mazoezi hapo hapo, kabla ganzi haijaisha. Nyumbani asibebe ndoo siku hiyo. Akibanwa na pumzi au kifua kikichoma, arudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku.