Mafundi wanavyofumbua siri ya nyaya za skrini kuukuu za kompyuta

PLAGI yenye pini tisa iliyo nyuma ya skrini kuukuu ya kompyuta haimwambii fundi kazi ya pini hata moja. Hilo ndilo tatizo linalowakabili watunzaji wa majumba ya makumbusho, wakusanyaji na mafundi wanaojitahidi kufufua mitambo ya miaka ya themanini na tisini, ambayo michoro yake ilipotea au haikupata kuchapishwa.

Kosa dogo katika kazi hii ni ghali. Viwanda vilivyounda kwa wingi skrini za kichogo, zile zenye neli nzito ya kioo kama televisheni za kale, vilifungwa, na iliyoungua leo haina mbadala dukani. Jumba la makumbusho la Living Computers mjini Seattle, Marekani, lilifunga milango yake mwaka 2020, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba halitafunguliwa tena. Baadhi ya mali zake zilipigwa mnada mwaka huo huo. Kifaa kikihama mikononi namna hiyo, aghalabu kebo na vitabu vyake huachana nacho njiani.

Ili kuelewa ugumu wenyewe, yafaa kukumbuka jinsi skrini hizo zinavyochora picha. Mwale wa elektroni husafiri kutoka kushoto hadi kulia ukichora mstari mmoja, kisha hurudi kuanza wa pili, hadi ufike chini. Kompyuta hutuma mpigo mmoja kuuambia mwale uanze mstari mpya, yaani mpigo wa mlalo, na mwingine kuuambia urudi juu, yaani mpigo wa wima. Nyaya nyinginezo hubeba rangi na mwangaza. Anayetafuta mchoro uliopotea, basi, anatafuta vitu vichache tu: mipigo miwili, rangi, na nyaya za ardhi.

<b>Sura moja, kazi tofauti</b>

Mfano mashuhuri ni wa kampuni ya IBM. Kompyuta yake ya mwaka 1981 iliuzwa na kadi za picha za aina mbili, MDA ya maandishi ya rangi moja na CGA ya rangi mbalimbali. Mwaka 1984 ikaongezwa ya tatu, EGA. Zote tatu zilitumia plagi ile ile ya pini tisa.

Katika CGA, pini ya 3, 4 na 5 hubeba nyekundu, kijani na samawati. Katika MDA hizo hazina kazi, na picha hupitia pini ya 7. Pini ya 2 ni ardhi katika CGA, ilhali katika EGA hubeba ishara ya pili ya rangi nyekundu. Pini ya 8 na ya 9 ndizo za mipigo, lakini hata hapo kasi hazilingani: CGA huchora mistari ipatayo 15,700 kwa sekunde, MDA 18,432. Skrini ya IBM 5151, iliyoundwa kwa ajili ya MDA, hutegemea moja kwa moja mpigo wa kompyuta kuendesha saketi yake ya mlalo. Ikipewa mpigo usioifaa, saketi hiyo yaweza kuungua, na hakuna onyo litakalotangulia isipokuwa pengine mlio usio wa kawaida.

Plagi ya VGA ya mwaka 1987, yenye pini 15 katika safu tatu, iliwaondolea wengi adha hiyo. Hata hivyo, watengenezaji wa kompyuta za wahandisi waliendelea na mambo yao. Plagi yenye tundu tatu nene na pini kumi nyembamba ilitumiwa na Sun na vilevile Silicon Graphics, lakini pini zile nyembamba hazikuunganishwa kwa namna moja. Nayo kampuni ya NeXT, katika kompyuta yake ya mwaka 1988, ilipitisha hata umeme wa kuendeshea skrini ndani ya kebo hiyo hiyo ya picha yenye pini 19. Anayedhani kwamba kila pini hubeba ishara hafifu tu angeshtuka hapo.

<b>Mita kabla ya umeme</b>

Fundi mwenye busara huanza skrini ikiwa imezimwa na kuchomolewa ukutani. Kwa mita ya kawaida, ile ile iliyo mezani pa fundi yeyote wa redio, hutafuta kwanza pini zinazoshikana na bati la nje la plagi. Hizo ni za ardhi, na zikishajulikana, idadi ya zilizobaki hupungua sana.

Kisha hupima ukinzani kati ya kila pini iliyobaki na ardhi. Hapa ndipo penye ufunguo. Skrini zinazopokea rangi kwa viwango vya volti, kama VGA, huwa na ohmu 75 katika kila waya wa rangi. Pini tatu zikisoma 75, fundi ameshapata nyekundu, kijani na samawati, ijapokuwa hajui ipi ni ipi. Pini moja tu ikisoma hivyo, yumkini skrini ni ya rangi moja. Zikisoma maelfu ya ohmu, huenda ni mipigo, au ni skrini ya aina ya CGA ambayo rangi zake ni za kuwaka au kuzima tu, kwa volti tano au sufuri. Tofauti hii si ndogo: waya wa ohmu 75 hutarajia takriban volti 0.7, na kuupa tano ni kuuonea.

Rangi za nyaya ndani ya kebo husaidia, lakini si ushahidi. Ushahidi bora umo kwenye saketi yenyewe. Skrini nyingi hupitisha mipigo katika kijisehemu chenye maandishi 74LS86, ambacho maelezo yake yangali yakipatikana. Fundi akifuata njia ya shaba kutoka mguu wa kijisehemu hicho hadi kwenye plagi, amepata pini ya mpigo bila kukisia.

Kufungua kifuniko kuna hatari yake. Neli ya skrini ya rangi hutumia volti zinazozidi 20,000, na chaji hubaki ndani hata baada ya kuzimwa. Asiyejua kuitoa chaji hiyo hana budi kumwachia anayejua. Aidha, skrini nyingi za Marekani zilitengenezewa umeme wa volti 120, na kuichomeka moja kwa moja katika soketi ya Kenya yenye 240 ni kuiua kabla uchunguzi haujaanza.

Kompyuta yenyewe ikipatikana, kazi huwa nyepesi. Osiloskopu ikiunganishwa na kila pini ya soketi yake, mipigo hujitambulisha kwa mwendo: wa wima huja kila baada ya milisekunde 14 hadi 20, wa mlalo kila baada ya mikrosekunde 64 katika CGA, 54 katika MDA na 32 katika VGA. Ukigawanya kasi ya mlalo kwa ya wima unapata idadi ya mistari. 15,700 kwa 60 ni takriban 262, na hiyo ni CGA.

Jambo la mwisho ni karatasi ya kuandikia matokeo, nayo imewaponza wengi. Mchoro wa plagi sharti useme umetazamwa upande gani, wa mbele au wa kuchomelea nyaya, kwa kuwa upande mmoja ni kinyume cha mwingine kama kwenye kioo. Katika plagi ya MDA, asiyeandika hilo humfanya mwenzake abadilishane pini ya 7 na ya 8, ishara ya picha ikaingia mahali pa mpigo wa mlalo.