Kiongozi Akiondoka, Kazi Yabaki na Nani?



Tunapokaa na vikundi, iwe ni upande wa Magarini au Kaloleni, kuna swali halikosi: "Sasa mheshimiwa wetu akitoka, mradi wetu utakuwaje?" Swali ni la haki. Tumeonelea tulijibu kwa kutazama maisha ya mtu wa hapa hapa kwetu Kilifi, marehemu Ronald Ngala.

Alianza na chaki

Ngala alisoma Shimo la Tewa, akaenda Alliance, kisha Makerere alikosomea ualimu. Alirudi akafundisha, akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Kwa hiyo watu walimjua kwa kazi kabla ya kumjua kwa kura. Mwaka 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, walichaguliwa wajumbe 8 tu nchi nzima. Wa Pwani alikuwa yeye.

Majimbo yalikuja, yakaenda

Mwaka 1960 Ngala akawa kiongozi wa chama cha KADU. Hofu ya chama hicho ilikuwa moja: jamii ndogo zitamezwa na zile kubwa, na mambo ya ardhi na shule yataamuliwa mbali na wenyewe. Dawa yake ikawa majimbo. Katiba ya 1963 iligawa nchi katika majimbo 7, kila moja na baraza lake. Ngala akawa Rais wa Jimbo la Pwani.

Lakini KADU ilishindwa uchaguzi huo wa 1963. Serikali kuu haikuyataka majimbo, na pesa ilikuwa mikononi mwake. Wabunge wa KADU wakaanza kuhamia KANU mmoja mmoja. Novemba 1964 Ngala mwenyewe akavunja chama, akajiunga na KANU. Muda si mrefu majimbo yakawa jina tu. Yaani, jengo lilikuwa limeshikwa na nguzo chache, na nguzo zilipohama, paa likaanguka.

Hakupata kustaafu

Mwaka 1966 alifanywa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Tarehe 25 Desemba 1972 alifariki kutokana na ajali ya gari katika barabara ya Mombasa. Alikuwa bado waziri. Hakupata ile siku ya kukaa nyumbani kwa utulivu, akamwita kijana na kumwambia, "Haya, shika, mimi nimechoka."

Wazo likarudi

Mwaka 2010 Wakenya walipitisha katiba mpya kwa kura, na mwaka 2013 serikali za kaunti 47 zikaanza kazi, Kilifi ikiwa mojawapo. Ugatuzi si majimbo yale yale, lakini uamuzi umesogea tena karibu na mwananchi. Tofauti kubwa ni hii: safari hii wanasiasa hawawezi kuuondoa peke yao. Ni lazima wananchi waulizwe tena kwa kura.

Tena, kuondoka kwa gavana sasa kumeandikwa. Ni vipindi viwili vya miaka 5, basi. Amason Kingi alimaliza vyake vya Kilifi mwaka 2022, Gideon Mung'aro akachaguliwa. Ofisi haikufungwa. Mbunge na mwakilishi wa wadi hawana kikomo kama hicho, lakini kura, uzee au mauti vitawaondoa.

Na kikundi chenu je?

Tusimlaumu mheshimiwa anayesaidia. Tumshukuru, lakini tujipange mapema:

1. Kiwanja cha kisima au zahanati kiwe na maandishi ya kisheria kwa jina la kikundi au wadhamini wake. Neno la mdomo la mheshimiwa si hati.
2. Wanaotia sahihi benki wawe wanachama, na wasiwe mtu mmoja.
3. Kila mkutano uandikwe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.
4. Mwenyekiti awe na muda wake, na naibu afundishwe kazi mwenyekiti akiwa bado yupo. Asingoje msiba.

Ngala alikuwa na akili na moyo, na bado kazi yake ilikatika njiani. Je, sisi tunaotegemea simu ya mtu mmoja?

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Mheshimiwa wetu akishindwa kesho, ni kitu gani kitasimama?
- Ufunguo wa stoo, hati na kitabu cha benki viko kwa nani sasa hivi?
- Ni nani kati yetu anayejifunza kazi ya mwenyekiti?

Jadilianeni bila kuoneana haya. Anayeulizwa ufunguo asione ametukanwa, maana kinacholindwa ni jasho la wote.